Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya MV Liemba: karabatini, lakini msiifute

Kwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi. Kwa Waziri mwenye dhamana ya maliasili na utalii. Kwa uongozi wa kampuni ya meli ya serikali. Na kwa uongozi wa Mkoa wa Kigoma.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Nawaandikia kuhusu MV Liemba, meli yetu kongwe ya abiria na mizigo ya ziwa hili. Sitaanza na malalamiko, kwa sababu jambo kubwa tulilolililia miaka mingi limeshakubaliwa: serikali imeamua kuikarabati, zaidi ya shilingi bilioni 30 zimetajwa, na mkataba umetiwa saini na mkandarasi kutoka Croatia akishirikiana na kampuni ya hapa nyumbani. Kwa hilo ahsanteni, na ninaisema bila kejeli. Waliokuwa wakitabiri kwamba Liemba itaishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu wamenyamaza kidogo.

Ombi langu ni la aina nyingine. Ukarabati nao una namna yake ya kuua. Meli inaweza kuingia karakana na umri wake wa miaka mia na ushee, ikatoka inang'aa, ina injini mpya na rangi mpya, na ndani yake hakuna tena kitu cha ile iliyoingia, wala karatasi inayosema kilichotolewa kilikuwa nini na kilikwenda wapi. Naomba hilo lisiipate Liemba. Kabla bamba halijakatwa, lipigwe picha na kuandikwa. Kinachoondolewa kitunzwe. Na meli ikisharudi majini, liwepo fungu la kuihudumia ambalo halisubiri huruma ya kila bajeti.

Mnaijua historia yake, lakini baadhi ya watakaosoma barua hii hawaijui, kwa hiyo mniwie radhi nikiirudia.

Meli hii ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, mahali palipo mbali na ziwa letu kuliko mtu wa Kirando anavyoweza kuwaza. Ilipokamilika ikafunguliwa tena, kipande kwa kipande. Inasemwa yalikuwa makasha elfu tano. Yakapakiwa Hamburg, yakashushwa Dar es Salaam, yakapanda treni ya reli ya kati ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu walitumwa kutoka Papenburg kuja kuiunga upya: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa ziwani, vita kuu ikiwa imeshaanza, ikiitwa Graf von Götzen.

Nitatua kidogo kwenye jina hilo, kwa sababu najua kuna wasomi wetu wanaouliza kwa nini tuhangaike na meli ya mkoloni. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Vita vya Maji Maji vilipigwa yeye akiwa madarakani, na watu wa kusini walikufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata mashamba na maghala kuchomwa. Meli ilibeba jina la mtu huyo, nami sioni sababu ya kulificha. Ila sioni pia kwa nini tuwaachie wao peke yao chuma kilichobebwa na reli iliyojengwa kwa migongo ya watu wetu, kikagongwa ribiti, ile misumari ya chuma inayounga mabamba, na mikono ya watu wetu pale Kigoma. Majina ya Wajerumani watatu yameandikwa. Mafundi wa Kihindi na Waafrika waliofanya kazi pamoja nao wametajwa kwa jumla tu, kama kundi. Nitalirudia jambo hili nikifika kwenye ombi langu la pili, kwa sababu kosa hilo lina hatari ya kufanyika tena mwaka huu, na safari hii hatutamlaumu Mjerumani.

Vita vya ziwani sitavisimulia kirefu. Waingereza walileta boti mbili ndogo kwa njia ya Kongo, wakaziendea meli ndogo za Wajerumani, wakaiteka Kingani na kuizamisha Hedwig von Wissmann. Wabelgiji wakaleta ndege. Götzen yenyewe hawakuipiga ikazama. Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916. Kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo grisi nzito, kila kiungo, kwa matumaini ya kurudi kuichukua. Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena Kigoma. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mafundi walipofungua mitambo wakaikuta bado inafaa. Mwezi Mei 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina ambalo Livingstone aliliandika kwa ajili ya sehemu ya kusini ya ziwa.

Tafakarini kidogo habari hiyo ya grisi. Watu waliokuwa wanashindwa vita, adui yuko mlangoni, walipata muda wa kuihudumia mashine wanayoizamisha. Mashine zile za mvuke zikaendelea kuzungusha rafadha hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa na za dizeli. Kisha miaka ya mwanzo ya 1990 yakafanyika matengenezo mengine makubwa kwa fedha za Denmark. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, nayo yamesaidia sana kulinda chuma. Lakini maji baridi hayapaki grisi, wala hayapigi rangi chini ya meli.

Baada ya hapo Liemba ilifanya nini? Ilifanya kazi. Kutoka Kigoma ikishuka kusini hadi Mpulungu, Zambia, ikipita Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kabwe, Kipili, Kasanga. Sehemu nyingi hazikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, na boti za vijijini zikaifuata usiku kwa taa, watu wakipanda na kushuka kwa mlango wa ubavuni, magunia ya dagaa na ya mchele yakirushwa, kuku wakipiga kelele, mama mjamzito akishikwa mikono na watu watatu. Abiria mia sita, mizigo tani mia mbili, hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya kwenye karatasi. Kwa vijiji vya chini ya milima ya Mahale hapakuwa na barabara ya maana ya kushindana nayo. Bei ya sukari Kalya ilijua siku ambayo Liemba inapita.

Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo, maelfu kwa maelfu, baada ya Mobutu kuanguka. Mei 2015, Warundi walipomiminika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikiwa kimeanza kuua, ni Liemba iliyokwenda kuwachukua. Ilijaza watu kama mia sita kwa safari, ikawashusha Kigoma, ikageuka. Wakati ule ilikuwa na umri wa miaka mia moja. Sijui chombo kingine cha umma katika nchi hii kilichoitwa kwenye dharura ya namna hiyo kikiwa na umri huo, kikaenda.

Haikupita miaka mingi, ikasimama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 imekuwa gatini Kigoma, na watu wamerudi kwenye boti za mbao. Mnajua boti hizo: injini moja, mizigo juu ya watu, watu juu ya mizigo, na upepo wa kusini ukiamka ni dua tu.

Ilisimama kwa nini? Jibu la haraka ni uzee, nami silikubali. Mwongozo, mwenzake wa Kigoma, ilijengwa zaidi ya nusu karne baada yake, nayo ikasimama. Meli haijui mwaka wake wa kuzaliwa. Inajua mara ya mwisho ilipopandishwa kwenye chelezo, mara ya mwisho tumbo lake lilipokwanguliwa na kupakwa rangi, mara ya mwisho mabamba yake yalipopimwa unene. Mambo haya yana muda wake na hayasubiri. Ukiahirisha rangi mwaka huu kwa sababu fedha zimekwenda kwenye mafuta, kutu inakula milimita. Ukiahirisha tena, bamba lililohitaji rangi linahitaji kubadilishwa. Ukiahirisha mara ya tatu, meli haina cheti cha usalama, na bila cheti haibebi abiria, na bila abiria haina mapato, na bila mapato hakuna rangi. Hivyo ndivyo Liemba ilivyokufa mara ya tatu, bila bomu wala tufani. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamua kuiua. Kila mwaka aliamua mtu kwamba ingoje kidogo.

Sinyooshei kidole mtu. Meli zetu za maziwa zilikuwa chini ya Shirika la Reli, kisha zikatenganishwa mwaka 1997 zikapewa kampuni yake yenye makao Mwanza. Kampuni hiyo ilirithi vyombo vilivyochoka, kwenye maziwa matatu, mwaka mmoja tu baada ya MV Bukoba kuzama na mamia ya watu tarehe 21 Mei 1996. Hakuna ambaye angependa urithi wa namna hiyo. Ila yaliyopita yatusaidie kupanga yanayokuja, maana MV Victoria imekarabatiwa na ikarudi kazini mwaka 2020, na swali la Victoria ni lilelile litakaloikuta Liemba: nani ameandika bajeti ya mwaka wa tano baada ya utepe kukatwa?

Sasa niingie kwenye jambo ambalo nadhani halijazungumzwa kabisa, nalo ni sheria.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Inalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchongwa imepewa upendeleo wake, hadi mwaka 1940. Liemba ni ya 1913, na tena iliundwa nje. Maana yake ni kwamba mlango wa nyumba ya mfanyabiashara wa Bagamoyo una ulinzi wa kisheria, na meli hii haina, mpaka Waziri atumie mamlaka aliyopewa na sheria hiyohiyo kuitangaza. Mamlaka hayo yapo. Kuyatumia hakuhitaji Bunge wala mfadhili. Kunahitaji tangazo kwenye Gazeti la Serikali na saini moja.

Nasikia pingamizi: ukiitangaza kuwa urithi, utaifunga mikono, hutaweza kubadilisha hata bomba bila barua kumi. Hoja hiyo ina uzito, nami nimeifikiria. Meli inayofanya kazi si gofu la Kilwa. Lazima ibadilishwe vitu, na usalama wa abiria uko juu ya kila kipande cha kale. Ajali ya MV Nyerere ya Septemba 2018 kule Ukara ilitufundisha tena kile ambacho Bukoba ilishatufundisha. Kama bamba limeliwa, likatwe. Kama ngazi ni nyembamba kwa watu kukimbilia juu, ipanuliwe. Maboya, taa, redio, vizima moto, vyote viwe vya leo. Ninachotaka tangazo lifanye ni kuweka wajibu wa aina moja tu: anayebadilisha aandike, na anayetoa asitupe.

Na hapa mafundi wataniunga mkono, kwa sababu kuna sababu ya kiufundi pia. Mwili wa Liemba umeungwa kwa ribiti, si kwa kuchomelea. Ribiti iliwekwa ikiwa nyekundu kwa moto, ikagongwa, ikapoa ikajikaza na kubana mabamba mawili pamoja. Ukija leo na mashine ya kuchomelea ukaweka bamba jipya jirani na mstari wa ribiti, joto linavuta chuma, ribiti zinalegea, na maji yanaanza kujipenyeza mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Fundi anaziba hapa, panavuja pale. Anayejua kila bamba limeungwaje, lina unene gani, na ukarabati wa miaka iliyopita uligusa wapi, ndiye anayeweza kuamua wapi pa kuchomelea na wapi pa kuacha. Kwa maneno mengine, kumbukumbu ninazoomba si pambo la wanahistoria. Zingekuwepo za mwaka 1927, za miaka ya 1970 na za 1993, zikiwa kamili na mahali pamoja, kazi ya mkandarasi wa sasa ingeanza mbali zaidi.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni hilo. Meli ipigwe picha yote, ndani na nje, kila taruma, yaani ubavu wa meli, likipewa namba, kila bamba likipimwa unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti na kipimo kuandikwa kwenye mchoro. Skani ya leza siku hizi inafanywa kwa siku chache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha akiolojia na urithi. Wanafunzi wake wanatafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kina vijana wanaosomea uhandisi wa meli. Waleteni Kigoma. Ukilinganisha na bilioni 30, nauli na posho yao ni chenji. Na waandikieni watu wa Papenburg, karakana ile bado ipo, muwaombe nakala za michoro na picha zozote walizonazo.

La pili ni majina. Mafundi wa Kigoma, Ujiji na Mwanza wanaofanya kazi kwenye meli hii, wachomeleaji, mafundi umeme, wapaka rangi, vibarua wanaokwangua kutu wakiwa wamelala chali chini ya tumbo la meli, waandikwe. Jina, kijiji, kazi aliyoifanya, sehemu gani ya meli. Daftari moja linatosha. Miaka mia baadaye asije mtu akasoma tena kwamba meli ilikarabatiwa na kampuni fulani ya Ulaya "kwa msaada wa wenyeji".

Na vile vinavyotolewa? Sehemu kubwa itakuwa chuma kilichooza, sina ugomvi nacho. Lakini kutakuwa na bamba lenye ribiti za 1913 ambalo ni zima, kutakuwa na madirisha ya duara, vitasa, gurudumu, winchi, labda kibao chenye maandishi. Kigoma ina stesheni ya reli ya enzi ileile ya Wajerumani, jengo ambalo kila mgeni husimama kulipiga picha, lina nafasi, na makasha ya meli hii yalishukia kwenye reli hiyohiyo. Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone. Chagueni mojawapo. Kinachonitisha ni kile tunachokijua sote: kontena moja la "vitu vya meli" linafungwa kufuli, ufunguo anakabidhiwa mtu, mtu anahamishwa kituo, na baada ya miaka miwili kontena ni jepesi.

Hatutakuwa wa kwanza kufanya haya. Uingereza, nchi yenye mifereji mingi iliyochimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo, ilichelewa kutambua thamani ya mashua hizo. Reli na malori yalipochukua mizigo, mamia yaliachwa yaoze au yakazamishwa makusudi yasisumbue njia. Mwaka 1976 yakafunguliwa makumbusho ya mashua pale Ellesmere Port, kwa juhudi za watu wa kujitolea, yakakusanya nyingi. Kisha likaja somo lenye uchungu: kukusanya si kutunza. Mashua ya mbao ikiachwa majini bila kuhudumiwa huzama hata ikiwa na kibao cha makumbusho, na kwa baadhi ya mashua zile ndivyo ilivyokuwa. Leo wana taasisi iitwayo National Historic Ships UK, yenye rejista ya vyombo vyenye umri wa zaidi ya miaka 50, na imetoa miongozo ya namna ya kuhifadhi chombo, namna ya kukirekodi, na hata namna ya kukivunja kwa heshima pale ambapo hakiokoleki. Mwongozo huo wa kuvunja ndio ulionishangaza zaidi. Unakubali kwamba si kila kitu kitaokolewa, lakini unakataa kiondoke bila kuacha habari zake.

Karibu nasi mifano ni ya kusikitisha zaidi. Robert Coryndon, meli iliyokuwa ikisifiwa Ziwa Albert, ilizama Butiaba miaka ya 1960 na mabaki yake yakakaa hapo miongo mingi, hadi yakaishia kuwa vyuma chakavu. Kule Malawi, Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani mwaka 1901 kwa ajili ya UMCA, misheni ya Kianglikana, na kupewa jina la askofu aliyezama Ziwa Nyasa baada ya kuhudumu miaka mingi Masasi, ilipandishwa nchi kavu Monkey Bay ili igeuzwe zahanati ya kuelea. Nia ilikuwa njema, wafadhili walikuwepo, hotuba zilitolewa. Mradi ukakwama. Nawataja hao si kuwatisha. Nataka tu ieleweke kwamba meli iliyofunguliwa nusu iko hatarini kuliko ile iliyofungwa gatini, kwa hiyo ratiba ya malipo kwa mkandarasi isiwe jambo la mwisho kwenye foleni ya Hazina.

Kuna wazo lingine linazunguka, nalo linaletwa na watu wenye suti nzuri: Liemba iwe hoteli. Watalii wa Mahale na Gombe walale ndani, wanywe bia kwenye sitaha, walipe kwa dola. Sina shida na mtalii. Alipe, apewe chumba kizuri cha daraja la kwanza, ahadithiwe habari za Götzen. Lakini wazo la kuiondoa Liemba kwenye kazi yake ndilo naliona kuwa ubomoaji mkubwa kuliko gesi ya kukatia. Thamani ya meli hii duniani, iliyowafanya watu wavuke mabara kuja kuipanda, ni kwamba ilibeba mananasi. Kuna meli nyingi za zamani zilizotulia kwenye bandari za Ulaya, zimepakwa rangi, zina mgahawa. Iliyotoka vita kuu ya kwanza na ikaendelea kumchukua mama wa Ikola kwenda kuuza dagaa Mpulungu ni hii. Ukimwondoa yule mama umebaki na chuma.

Mnasema, na ni kweli, kwamba kutajengwa meli mpya za ziwa hili, kubwa na za kisasa. Zije haraka. Mwanza wamepata yao ya abiria 1,200 na sisi hatuna wivu, tuna haja. Bandari ya Karema imejengwa, mizigo ya Kongo inasubiri. Meli mpya ibebe mizigo mizito na abiria wengi wenye haraka, Liemba ibaki na njia ya vijiji, safari za polepole, mara mbili kwa mwezi hata. Ikigawanyiwa kazi hivyo haitachoshwa, na mapato yake hayatapimwa kwa kipimo cha meli ya biashara.

Nimalizie na fedha, kwa kuwa bila hizo yote haya ni maneno. Kifungu cha matengenezo ya Liemba kitenganishwe na kapu la jumla la kampuni. Kiwe na vyanzo viwili vya uhakika: sehemu ya nauli ya daraja la kwanza na ya watalii, na mchango wa kila mwaka kutoka upande wa utalii, maana upande huo unaitumia picha ya meli hii bure kwenye mabango yake. Msimamizi wake awe mmoja, anayekaa Kigoma, mwenye jina na simu inayojulikana. Taarifa ya ukaguzi wa kila mwaka, ikiwa na vipimo vya unene wa mabamba, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo bandarini na tuisome sote, pamoja na wavuvi. Watu wa Kigoma wanajua kusoma kutu kuliko mnavyodhani. Na ratiba ya kupandisha meli kwenye chelezo ipangwe sasa, kabla ya safari ya kwanza, ikijumuisha swali la chelezo chenyewe, kwa sababu maji ya ziwa yamepanda miaka hii na kuifunika sehemu ya miundombinu ya bandari zetu.

Tangazo la Gazeti la Serikali, daftari la mafundi, na mtu mwenye kamera kabla ya ukataji unaofuata: haya matatu yanaweza kuanza wiki hii bila kusubiri fungu jipya. Mengine tutawakumbusha bila kuchoka. Na ratiba ya safari ikiwa tayari, itangazwe redioni mapema, vijiji vya kusini havisomi mitandao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa mwambao, abiria wa daraja la tatu